Wenzangu wanataka televisheni, mimi nataka zawadi ya mikono ya watoto

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini. Wa pili yuko Darasa la Saba katika shule ya msingi ya serikali. Darasa lao lina watoto 48. Mwalimu wao wa darasa, ambaye ndiye pia anawafundisha Hisabati tangu wakiwa Darasa la Nne, anatimiza miaka 60 mwaka huu na anastaafu. Hawa wetu ndio wanafunzi wake wa mwisho.

Shangazi, mwalimu huyu si wa kusimuliwa nusunusu. Jioni hukaa barazani kwake, na mtoto yeyote aliyekwama kwenye sehemu au asilimia anakwenda. Hatozi hata shilingi. Yeye anakalia kigoda, watoto wanakalia magunia. Mwanangu alikuwa akiona alama ya kugawanya anashikwa na tumbo la ghafla. Siku hizi ndiye anayenipigia hesabu za genge langu, na akikuta nimempunja mteja ananisuta.

Wazazi tukafungua grupu la WhatsApp ili tumuage kwa heshima. Uenyekiti nikasukumiwa mimi, kisa niliuliza swali la kwanza. Mwanzo lilikuwa wazo la bahasha. Kisha mama mmoja mwenye uwezo wake akasema tununue televisheni ya inchi 43, kila mzazi atoe elfu ishirini. Akaongeza kwamba asiyekuwa nayo atafidiwa na yeye, ila jina la mtoto wake halitaandikwa kwenye kadi, "ili kuwatendea haki waliochanga". Grupu likanyamaza siku nzima. Humo ndani nawajua watu. Yuko anayeuza vitumbua asubuhi, yuko ambaye mume wake anategemea bahari na bahari miezi hii haijatulia.

Usiku ule nikaandika kwamba watoto wenyewe watengeneze kitu kwa mikono yao, mchango uwe wa vifaa tu. Baadhi waliniunga mkono. Wengine walinijibu kwa vikatuni vya kucheka. Baba mmoja akaandika: "Mtu kafundisha ujana wake wote, leo mnampa kazi za chekechea?" Waliokubali nao hawaelewani. Kuna anayetaka kitambaa cha meza kilichodariziwa majina yote 48, kuna anayetaka fremu ya picha iliyobandikwa makombe ya pwani, mama yangu mzazi amesema mkeka. Mwingine anashauri tumlipe fundi afanye kazi safi halafu tuseme ni ya watoto. Na wavulana wamekwishasikia habari ya mkeka, wanasema wao hawasuki, hiyo ni kazi ya kike.

Nakuuliza mambo haya. Je, zawadi ya mikono inamtosha mtu wa heshima kama huyu, au tunamdhalilisha? Watoto ambao wazazi wao hawakuchanga tuwafanyeje? Ya fundi ni sawa? Na kazi ikitoka imepinda, nitaificha wapi sura yangu? Kikao ni Jumapili ijayo.

Mwenyekiti wa Kusukumiwa, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Mwambie mama yako amepatia. Sukeni mkeka.

Nakuchagulia bila kukuzungusha, maana mna kikao Jumapili na grupu la watu wengi likiachiwa mawazo manne huishia kununua saa ya ukutani yenye picha ya mwalimu katikati. Kitambaa cha majina kina aibu yake: jina lililodariziwa na mkono mbovu linasomeka kwa ubovu wake, na mwenye jina anaonekana. Makombe ya kubandikwa hudondoka moja moja mpaka fremu ikabaki na madoa ya gundi. Mkeka una maumbile yanayowafaa ninyi hasa. Haufumwi kwa mpigo mmoja kama shuka. Unasukwa ukili, utepe mwembamba wa ukindu, yaani majani ya mkindu, kisha vipande vya ukili vinalazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa. Kwa hiyo watoto 48 wanaweza kufanya kazi moja bila kugombania pa kukaa. Halafu wewe mwenyewe umeniambia watoto wanakalia magunia barazani kwa mwalimu. Ukishayajua hayo, inchi 43 unazitakia nini?

Sasa twende kwenye lile linalokuumiza, ambalo naona hukuliweka la kwanza. Mama yule aliposema jina la asiyechanga halitaandikwa, alikosea, na grupu lilinyamaza kwa sababu kila mtu alijua amekosea ila hakuna aliyetaka kuonekana ndiye asiye na elfu ishirini. Aliyefundishwa ni mtoto. Anayeshukuru ni mtoto. Orodha ya zawadi hii ichukuliwe kwenye daftari la mahudhurio, na kila jina lililomo lina kipande chake cha ukili, awe mzazi wake ametoa laki au ametoa pole. Jambo hili lisipigiwe kura Jumapili. Litangaze kama lilivyo, upite kwenye ajenda inayofuata. Mtu akilirudisha, mkumbushe kwamba tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 hata shule yenyewe hairuhusiwi kumbagua mtoto kwa mchango wa mzazi, itakuwa grupu la WhatsApp?

Michango ya vifaa iwe ya hiari na ya kimyakimya. Chagueni mweka hazina asiye na mdomo, apokee, aandike jumla tu. Zile orodha za kubandika kwenye grupu zenye alama ya tiki mbele ya majina, zikomeshe leo. Na mchango usiwe wa fedha peke yake. Mwenye mkindu uani kwake alete makuti machanga. Mwenye uwanja wenye jua aanike. Mwenye bibi anayejua kusuka amlete bibi, huyo ndiye tajiri wenu.

Kuhusu fundi, ninyi mnamhitaji, lakini kwa kazi yake. Kusema uongo kwamba kazi ya fundi ni ya watoto, acheni. Mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka yote hiyo anajua mwandiko wa nani ni upi, na atajua mkono wa fundi kabla mkeka haujakunjuka. Mwambieni ukweli: watoto wamesuka, fundi ameshona. Kushona ndiko kunakotaka mkono mzoefu, kwa sababu uzi ukikazwa kupita kiasi mkeka unavimba katikati, ukilegezwa unaachia nyufa. Tena mtafuteni huyo fundi kabla hamjanunua hata jani moja. Aamue yeye upana wa ukili, idadi ya chane, yaani vile vipande vyembamba vya jani vinavyosukwa, na anavyotaka vipande vifungwe ncha.

Nikupe hesabu ya kwenda nayo kikaoni, maana watu wakiona hesabu hupunguza maneno. Tuseme fundi amekubali ukili wa upana wa sentimita 5. Mkeka wa urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2 utataka vipande 24 vya mita mbili mbili. Mna watoto 48. Kila kipande kinasukwa na watoto wawili, huyu anaanza, anafikisha mita yake, mwenzake anapokea chane zilezile na kuendelea mpaka mwisho. Wapangeni kwa waliokaa dawati moja. Kila mmoja azidishe kama shubiri moja juu ya mita yake, kwa sababu kuna kukata ncha. Fundi akichagua upana mwingine, mpe mwanao apige hesabu upya. Si mmesema anajua kugawanya?

Sasa ile hofu yako ya kazi kupinda. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu zawadi za kikundi huharibikia hapa, watu wakasingizia watoto.

Kupinda hakuletwi na utoto, kunaletwa na mambo matatu yanayozuilika. La kwanza ni chane zisizolingana. Kuti changa likishaanikwa na kuwa jeupe, huchanwa kwa ukucha au ncha ya kisu kuwa chane nyembamba. Kila mtoto akijichania mwenyewe, mmoja atatoa chane kama kamba ya kiatu na mwingine kama uzi, na ukili wao hautalingana hata wakitumia idadi ileile. Kwa hiyo kuchana kufanywe na watu wachache wenye mkono mmoja, bibi na kina mama wawili watatu, kisha kila mtoto akabidhiwe fungu lake limehesabiwa tayari.

La pili ni maji. Ukindu mkavu unakatika ukiupinda. Mtoto akiona unakatika, atautumbukiza kwenye ndoo ukalowa chapachapa, atasuka vizuri kabisa, na kesho yake ukili umekauka, umesinyaa, mwanga unapita katikati ya chane. Fundishweni kuunyunyizia tu, kisha kuuviringisha kwenye kitambaa kibichi, utolewe kidogo kidogo kadiri ya kusukia.

La tatu ni kubana. Kuna mtoto anasuka kwa hasira na kuna anayesuka kwa usingizi. Chukueni kipande cha kadibodi, kateni mwanya wa sentimita 5 kamili, kila jozi ya watoto iwe nacho kimoja. Kila wakimaliza shubiri moja wapitishe ukili kwenye mwanya. Ukikwama, wamelegeza. Ukicheza huku na huku, wamebana. Wafumue shubiri ile moja, wasifumue mita nzima. Kipimo hiki kitakuokoa wewe na ugomvi pia, kwa sababu kadibodi ndiyo itakayosema kazi ya nani haifai, mama mwingine asije akaambiwa mwanawe hajui.

Wakishamaliza, upande wa nyuma utakuwa na ncha za chane zimetokeza kama ndevu za beberu pale walipounga. Zikatwe kwa mkasi, zisivutwe. Na kila ncha ya kipande ifungwe uzi mara tu inapokatwa, la sivyo itafumuka njiani kabla ya kufika kwa fundi. Mwisho wa yote fundi atazungusha taraza ya kitambaa pembeni.

Rangi zisizidi tatu. Nyekundu, kijani na zambarau zinapendeza kwenye ukindu mweupe, na kila jozi ya watoto iingize chane chache za rangi wanayoipenda, mahali wanapotaka. Hapo ndipo mkono wa kila mmoja utakapoonekana bila kuandika jina lolote. Rangi ya unga huchemshwa na ukindu kwenye maji yanayotokota, kwa hiyo hii ni kazi ya watu wazima. Sufuria litakalotumika lisirudi tena kupikia wali, nasema hivi kwa sababu nawajua.

Majina yaandikeni kwenye daftari la kawaida. Ukurasa mmoja kwa kipande kimoja, kuanzia pembe mliyoitia alama: kipande cha kwanza, fulani na fulani. Chini yake kila mtoto aandike sentensi moja au mbili za kweli, kitu mwalimu alichomfundisha au alichomwambia siku fulani. Muwakataze kunakili "asante kwa malezi bora" kutoka ubaoni, maana mwalimu atasoma sentensi hiyo mara 48 na hatakumbuka hata moja. Asiyeweza kuandika vizuri achore.

Wavulana wanaosema kusuka ni kazi ya kike, wapelekeni ufukweni wakatazame dema. Mtego ule wa samaki unasukwa na wanaume wenye ndevu zao, baba zao wengine wakiwemo, na hakuna aliyewahi kuwacheka. Wakirudi wapewe chane. Halafu usishangae watakaoongoza kwa ukili ulionyooka wakawa ni haohao, kwa sababu ukishawaletea kadibodi ya kupimia watafanya mashindano.

Wakati ndio jambo ambalo wazazi wengi hulikosea, na hapa naomba uwe mkali. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kabla ya hapo mtoto asiguse ukindu. Mzazi akikuona unamkalisha mwanawe kusuka wiki ya marudio, atakuwa na haki ya kukutukana. Miezi hiyo ni ya watu wazima: kutafuta makuti, kuanika, kuchemsha rangi, kuchana. Mtihani ukishapita, watoto wako nyumbani, hawana shule, hawana kazi, mitaa inawaita. Hapo ndipo mnawaita ninyi. Wiki ya kwanza wajifunze kwa chane mbovumbovu zilizobaki na waanze vipande vyao, ya pili wamalize, ya tatu mpeni fundi ashone.

Mkienda hivyo mtafika tarehe 5 Oktoba, ambayo ni Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 1994. Siku gani nyingine mnaitaka? Ila mkumbuke kwamba Darasa la Saba hawatakuwa shuleni tena, kwa hiyo taarifa za kuwakusanya zitolewe mapema, na yule aliyekwishapelekwa kwa shangazi yake Korogwe atafutiwe nauli.

Kuna sababu nyingine ya kusubiri mtihani upite. Mwalimu wenu ni mtumishi wa umma. Mtihani hautungi yeye wala hausahihishi yeye, hiyo ni kazi ya Baraza la Mitihani la Tanzania, hata hivyo televisheni ikiingia nyumbani kwake Agosti ikitokea kwa wazazi wa watahiniwa, mtaa utasema lake na ofisi itauliza lake. Msimtie mzee wa watu kwenye maelezo mwezi wa mwisho wa kazi. Mkeka uliosukwa na watoto waliokwishamaliza, ukakabidhiwa mchana kweupe, hauna swali ndani yake. Hata hivyo nenda kwa Mwalimu Mkuu mapema, wewe na mzazi mmoja wa kamati ya shule, mmweleze mnachokusudia na siku gani. Asije akasikia kwa watoto.

Yule baba wa "kazi za chekechea" usibishane naye kwenye simu. Siku kipande cha kwanza kitakapokamilika, kipige picha ya karibu ukiwa umekiweka juu ya kadibodi ya kipimo, uitume bila maneno. Akiendelea kucheka, mwombe aje achukue fungu la chane asuke shubiri moja aone.

Umeniuliza kama mnamdhalilisha mwalimu. Mtu anaona amedhalilishwa akipewa kitu kilichofanywa ovyo, au kilichotolewa huku watu wakinung'unika, na televisheni yenu ya elfu ishirini ishirini ingeingia na manung'uniko yake yote. Mkeka mzuri wa ukindu kwetu pwani haujawahi kuwa kitu cha chini. Mgeni wa heshima anatandikiwa, bwana harusi anatandikiwa, sheikh anatandikiwa. Kama mnaona mkeka peke yake unakaa mpweke, ongezeni mito miwili ya kuegemea iliyoshonwa vizuri. Msiongeze keki. Sherehe za shule siku hizi mwalimu anapakwa krimu usoni watu wakapiga picha, sijui ni nani aliyewaambia wazee wanapenda.

Limebaki la mama wa televisheni, na huyu usimpoteze. Ana fedha, ana sauti, na kwa namna yake alikuwa anataka mwalimu aondoke na kitu kikubwa. Mpigie simu kabla ya Jumapili, usimwandikie. Mwambie kuna mambo matatu hakuna mwingine wa kuyabeba: ujira wa fundi, kitambaa cha taraza na mito, na chakula cha watoto siku watakapokusanyika kusuka, maana mtoto mwenye njaa anasuka ukili uliolegea. Asipotajwa kwenye daftari asinune, kwani mwanawe yumo, kipande fulani, na mwenzake wa dawatini. Tena mfanye jozi na mtoto wa muuza vitumbua, kama ndivyo wanavyokaa darasani. Kama hawakai hivyo, usilazimishe.